YAH: MALALAMIKO KUHUSU KIYOYOZI MLICHONIFUNGIA NA UKUNGU ULIOENEA CHUMBANI

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kabla ya masika ya mwaka huu mafundi wenu walinifungia kiyoyozi katika chumba cha watoto, nyumbani kwangu Upanga. Leo chumba hicho hakilaliki. Ukuta ulio nyuma ya mashine umeota madoa meusi yaliyoshuka mpaka nyuma ya kabati, rangi inabanduka, na viatu vya shule vya mwanangu nimevitoa chini ya kabati vikiwa vimeota manyoya ya kijani. Binti yangu mdogo ana pumu. Akilala humo anakohoa usiku kucha, akilala sebuleni anatulia. Tumehamishia magodoro sebuleni.

Kila nikipiga simu ofisini kwenu jibu ni lile lile: Dar ndivyo ilivyo, fungua madirisha, paka rangi ya kuzuia fangasi. Siyakubali majibu hayo. Kufungua dirisha wakati wa mvua huku AC inawaka ni kuingiza unyevu zaidi, ukafikie kwenye kuta za baridi na kugeuka majimaji. Na ukungu uliopakwa rangi unarudi tu, maadamu ukuta bado unalowa.

Nimemlipa fundi mwingine aje akague. Alianza na bomba la kutolea maji. Aliliwekea pimamaji, nikaona mwenyewe: badala ya kuteremka kuelekea nje, linapanda kabla ya kutoboa ukuta. Akamimina kikombe cha maji kwenye sinia la mashine. Nje halikutoka hata tone. Maji yalifurika yakachuruzika ukutani, juu kidogo ya kitanda.

Kinachoniuma zaidi ni ukubwa wa mashine. Chumba kina mita za mraba 12, kingetoshwa na mashine ya BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza). Mliniuzia ya BTU 24,000, mhudumu wenu akinihakikishia kwamba kubwa ndiyo bora. Kiyoyozi hukausha hewa pale mvuke unapogusa koili ya baridi, ukawa maji na kutoka kwa bomba. Kikiwa kikubwa kupita kiasi, chumba kinapoa upesi, kompresa inazima, na unyevu unabaki humo humo. Ndiyo maana watoto wanatetemeka kwa baridi huku mashuka yana majimaji. Kupima chumba ilikuwa kazi yenu, nyinyi wataalamu, na hakuna aliyekuja hata na futi.

Kwa hiyo naomba muiondoe mashine hii, mniwekee inayolingana na chumba na kunirudishia tofauti ya bei. Bomba lilazwe upya. Plasta iliyooza ikwanguliwe, ukuta ukauke kabisa, ndipo upakwe rangi, kwa gharama zenu. Malipo ya fundi aliyekagua nayo nirejeshewe.

Nimeambatanisha risiti, picha na maelezo ya fundi huyo. Nategemea jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nisipolipata, nitayafikisha malalamiko haya Tume ya Ushindani pamoja na vielelezo vyote.

Wenu,
Mteja wenu, Upanga.