Margwe, habari za upinde wako

La Crosse, Wisconsin
27 Julai

Ndugu yangu Margwe,

Saita! Habari za Mang'ola, habari za vitunguu, mama anaendeleaje na mguu? Sisi wazima. Neema ameota meno ya mbele na anauma kila kitu kikiwemo kidole cha baba yake. Salamu zitoshe, maana nina jambo limenikaa kooni tangu Novemba, na ndilo lililonifanya ninyamaze miezi yote hii. Ulipomuuliza Paskalina kama nimekufa alikuwa anaijua sababu, akakuficha. Usimlaumu, nilimwomba mimi.

Jambo lenyewe ni upinde wako.

Haujavunjika wala haujaibiwa. Nimeutundika juu ya mashine ya kufulia, na kile kitambaa cha shuka ulichokifunga bado kipo, kimepauka tu. Ila nataka kuuacha, ninunue mwingine, na kila nikishika kalamu nikuambie naikumbuka ile siku uwanja wa ndege, ukirudi nyumbani, ulivyonikabidhi mbele ya watu kama mzee anayegawa urithi. Najua uliununua kwa pesa ya kukosa usingizi kiwandani. Sasa mtu aliyepewa kitu cha namna hiyo anaanzaje kusema hakimtoshi?

Basi ndiyo nimesema. Haunitoshi.

Nieleze ilivyotokea. Novemba, wiki moja kabla watu wa bunduki hawajaanza, nilikuwa juu ya mti kwa mzee Harold, kule karibu na kijito. Akaja kulungu jike, mkubwa, amesimama ubavu, yadi 22. Margwe, yadi 22! Hapo wewe ungeshaanza kunoa kisu. Nikavuta, nikalenga, nikaachia, mshale ukapita chini ya tumbo. Nilikuta unywele kidogo kwenye theluji, damu hakuna. Nilizunguka na tochi karibu saa mbili nzima ili niwe na hakika sikumwacha na jeraha. Nilirudi nyumbani usiku nikamwambia mama Neema sijaona kitu. Uongo huo, na yeye alijua, kwa sababu mtu ambaye hajaona kitu hakosi usingizi.

Nikajilaumu mimi. Miaka minne najilaumu mimi, macho, baridi, glavu, zamu za usiku. Halafu Joachim, unamjua Joachim asivyo na adabu, akanipiga video nikifanya mazoezi nyuma ya nyumba, akaniletea akicheka: "Tazama twiga anakunywa maji." Nikatazama. Kiwiko cha mkono wa kushoto kimekunjika. Mkono wa kulia umeishia shavuni, haujafika kwenye taya. Shingo nimeiinamisha mbele kuufuata upote, ile kamba ya upinde, badala ya upote kuja usoni kwangu. Nimejikunja kama mtu mzima kwenye dawati la darasa la pili. Na kila mshale najikunja kwa namna tofauti kidogo, ndiyo maana nikipiga mitano inakaa kila mmoja na kwao.

Mvuto wa upinde wako unaishia inchi 30, Margwe. Wewe uliukaza kwenye 28 na ulikuwa unakukaa kama shati la fundi. Mimi niliusogeza hadi mwisho kabisa nikadhani yamekwisha.

Nilikwenda duka la kwanza (silitaji). Kijana akanisimamisha ukutani, nikanyoosha mikono, akapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole: inchi 80. Unagawa kwa 2.5, unapata urefu wa mvuto wako, 32. Akaikodolea macho simu yake, akafanya hesabu tena, halafu akasema inchi 30 inatosha, "utazoea." Nitazoea! Miaka minne nimezoea, na kulungu wamenizoea pia.

Duka la pili kuna mzee mmoja mtaratibu sana. Yeye hakuamini hesabu ya mikono peke yake. Alinipa upinde mwepesi wa kupimia wenye mshale uliochorwa alama za inchi, akaniambia funga macho, vuta mpaka mwili wako uridhike, usijisumbue kulenga. Nikavuta. Akaangalia alama: 31 na nusu. Mara tatu, 31 na nusu. Akasema maneno ambayo sijayasahau, kwamba wanaume wengi wanaokuja kwake ni 28 au 29, na pinde zinatengenezwa kwa ajili ya wengi.

Hapo ndipo nilipomkumbuka yule babu Mhadzabe tuliyekuwa tukimwona tukienda kuchunga upande wa Eyasi. Upinde wake wa kijiti haukumuuliza urefu. Unavuta, unazidi kuwa mgumu, unaishia pale mkono wako unapoishia. Mrefu akivuta zaidi, anapata nguvu zaidi, basi. Hizi zetu za kapi, zenye magurudumu ya upote kwenye ncha, ni habari nyingine. Kapi ndilo linaloamua mkono wako uishie wapi. Ukifika hapo unagonga ukuta, na ule uzito unalegea, kama ni wa pauni 60 unabaki umeshika 12 hivi. Ni raha kwelikweli kwa mtu anayemngoja kulungu ageuke. Lakini ukuta ukiwa umejengwa inchi moja na nusu kabla ya mwili wako kukamilika, utakunja kiwiko mpaka siku ya kiyama. Yule mzee anasema kitu hiki kilibuniwa na mtu wa Missouri, Holless Wilbur Allen, aliyeomba hataza mwaka 1966 na kupewa 1969. Mungu ampumzishe. Alituletea kapi.

Sasa nisikilize, maana hapa nataka akili yako. Nimepunguza hadi pinde mbili na nimekwama.

Wa kwanza ni mfupi, inchi 29 kutoka ekseli hadi ekseli, yaani kapi hadi kapi, mwepesi, mzuri ajabu. Huu unafika inchi 31. Juu ya mti haugongi tawi wala kiti. Kijana wa kule duka la kwanza ndio anaousifu. Lakini fikiria umbo lake: upinde mfupi ukivutwa na mkono mrefu, upote unakunjika pembe kali sana, kama paa la msonge. Pembe ikiwa kali, upote unakimbia uso. Pua yangu haiugusi, na lile tundu la kuchungulia lililo kwenye upote linakaa mbali na jicho, kwa hiyo narudi kulekule kuifuata kamba na shingo. Na bado nusu inchi inapungua.

Wa pili ni inchi 33 ekseli hadi ekseli, unafika 32. Mzito zaidi kidogo, pauni nne na nusu kabla hujaufunga kitu. Niliuvuta pale dukani, Margwe, na nilitaka kulia. Mkono wa kushoto ukanyooka bila kukaza. Mkono wa kulia ukaja wenyewe chini ya sikio. Upote ukagusa ncha ya pua na pembe ya mdomo kwa wakati mmoja, kichwa kimesimama wima kama cha mtu anayeimba kwaya. Sikujua kwamba hivi ndivyo wenzangu mnavyojisikia siku zote. Mlikuwa mnanificha?

Kuna na wa tatu, wa inchi 38, wa wapiga shabaha wa uwanjani. Huo mtulivu kabisa, lakini nikiwa juu ya mti nao nitakuwa nimebeba ngazi mbili. Nimeuacha.

Utasema basi chukua wa pili, barua ya nini. Ngoja. Tatizo la kwanza ni bei: unapita dola 1,200, na hapo hujanunua kishikilia mshale, kionea wala podo. Mama Neema aliuliza kwa upole kabisa hiyo ni nyama ya bei gani kwa kilo. Sikumjibu. Wa mtumba wa urefu wangu haupatikani, maana warefu ni wachache, na aliyeupata haachii. Nimeona mmoja huko Eau Claire, wa mkono wa kushoto. Ndiyo bahati yangu.

Tatizo la pili ni Joachim, ambaye ameshikilia kwamba nichukue wa pauni 70, "mtu mrefu namna hiyo utavuta 60 kama mwanamke?" Mkewe alikuwa pale na anavuta 50 bila kuhema, lakini hiyo tuiache. Nimejaribu kumweleza na hataki kuelewa, labda nikikueleza wewe nitajiridhisha mwenyewe. Ile kasi wanayobandika kwenye upinde, futi 340 kwa sekunde, inapimwa kwa upinde wa pauni 70, uliovutwa inchi 30, na mshale mwepesi wa greni 350. Ukiongeza inchi moja ya mvuto unapata futi kama 10 zaidi kwa sekunde. Ni kwa sababu upote unausukuma mshale kwa safari ndefu zaidi. Wewe na inchi zako 28 upote wako unasukuma chini kidogo ya inchi 20. Mimi na 31 na nusu unasukuma 23 na zaidi. Hizo inchi tatu na nusu sijazifanyia kazi, nimezaliwa nazo. Basi kwa nini nivunje bega kwa pauni 70, wakati 60 kwenye mwili wangu inapeleka mshale mzito vya kutosha kumpita kulungu ubavu hadi ubavu? Sheria ya hapa inataka pauni 30 tu. Na asubuhi ya baridi, umekaa saa tatu hujasogea, umevaa makoti mawili, huo wa 70 unauvuta kwa kuunyanyua mbinguni kwanza, na kulungu anakutazama anakushangaa.

Lakini usiku nikilala nasikia sauti ya Joachim. Unajua ilivyo.

Mishale nayo itabidi iwe mipya. Yako ile sita nilishaigawa zamani, kwa mvuto wangu ingekuwa hatari, chembe ingerudi nyuma ya kishikilia na kuingia kwenye mkono. Mzee wa duka anasema nisikate chini ya inchi 31, na kwa kuwa mshale mrefu unapinda zaidi unaposukumwa, nichukue mgumu wa namba 300. (Namba ikipungua ugumu unaongezeka. Nani alipanga hivi?)

Nilipita Sparta wiki iliyopita kupeleka mzigo, pale penye kiwanda cha pinde cha Mathews, nikapunguza mwendo kama mtu anayepita nyumba ya mchumba. Sikuingia. Ningeingia ningerudi na deni.

Narudi kwenye upinde wako, maana nazunguka tu. Joachim ndiye anayeuhitaji. Usicheke. Ameacha kuazima, anataka wake, na mvuto wake ni inchi 28 kamili kama wako, nimempima mwenyewe. Ukirudishwa ulipokuwa unamtosha bila kugusa kitu kingine, labda kubadilisha upote, maana huu umeanza kutoa nyuzi, na huo unabadilishwa kwa mashine ya kubania dukani. Anataka kulipa. Mimi nasema kitu nilichopewa siwezi kukiuza, na pesa ikilipwa ni yako. Yeye anasema basi atakutumia wewe. Halafu naona tena, labda unautaka mwenyewe? Lakini huko bila kibali ungeupeleka wapi, kupiga nungunungu kwenye vitunguu? Sijui. Nilitaka kusema kitu kingine hapa kuhusu ile asubuhi ya kwanza uliyonipandisha mtini na nikalala, lakini Neema anaamka.

Msimu wa mishale unafunguka katikati ya Septemba. Upinde mpya unataka wiki sita mwilini ndipo uuamini, kwa hiyo siku zimeniishia. Niambie upesi: umekasirika? Nimpe Joachim, nimuuzie, au niuweke? Kama nampa, kitambaa cha shuka nikivue nibaki nacho au kiende na upinde? Ungekuwa wewe, inchi 33 na deni, au 29 na shingo? Hivi ulikuwa unaona nilivyokuwa najikunja miaka ile, ukanyamaza kwa heshima tu? Na yule babu, kama yupo bado au wanawe wapo, hebu waulize upinde wanaukata kwa kipimo gani, wa kimo cha mtu au wa kijiti kilichopatikana? Vitunguu mmeuza gunia bei gani safari hii? Mguu wa mama, ile dawa niliyotuma ilisaidia? Unarudi lini?

Joachim anakuja Jumamosi ijayo na pesa mfukoni. Nipigie kabla hajafika, hata usiku, nipo zamu.

Wako,
Tluway

Kipindi naandika mama Neema amesoma juu ya bega langu. Anasema nikuambie yeye ameshachagua: inchi 33, lakini gari linasubiri matairi hadi Desemba. Kwa hiyo swali moja limejibiwa.