Kaunti za Pwani zitumie wataalamu kwa pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu gharama ambayo wakazi wa Pwani tunaibeba pasipo kuiona katika bajeti yoyote.

Mwaka jana niliwasilisha ramani ya jengo la ghorofa moja katika ofisi ya kaunti mojawapo ya huku kwetu. Jalada langu lilipita meza mbili kwa siku mbili, kisha likakwama wiki saba kwa mhandisi wa kukagua uimara wa majengo, kwa kuwa alikuwa mmoja tu na alikuwa ameenda masomoni. Karani, kijana mwenye adabu, alinionyesha rafu ambayo majalada yake yalikaribia dari, yote yakimngoja mtu mmoja. Simlaumu yeye wala mhandisi; naulaumu mpangilio unaoitaka kila kaunti, kubwa kwa ndogo, ijitosheleze kwa kila taaluma.

Kwa mujibu wa sensa ya 2019, Kilifi ina watu 1,453,787 na Lamu 143,920. Hata hivyo, kila moja inahitaji mthamini wa ardhi, mkaguzi wa ndani wa hesabu na mwanasheria wa kuandika miswada. Kaunti ndogo haina kazi ya kumtosha mthamini mwaka mzima, wala fedha za kumzuia asihamie Nairobi. Daftari la uthamini, yaani orodha ya thamani za ardhi, likichakaa kwa sababu hiyo, kodi ya ardhi huendelea kutozwa kwa thamani za zamani, na mama muuza samaki ndiye anayeongezewa ada ya soko ili pengo lizibwe. Hili ndilo linaloniuma zaidi.

Sheria haizuii ushirikiano. Kifungu cha 189 cha Katiba ya 2010 kinaziruhusu kaunti kuunda kamati na mamlaka za pamoja, na Jumuiya ya Kaunti za Pwani tayari inazikutanisha zote sita. Isitoshe, kaunti zetu zimezoea kutegemeana: Mombasa inakunywa maji ya chemchemi za Mzima, zilizoko Taita Taveta, tangu miaka ya 1950.

Napendekeza kaunti mbili au tatu jirani zianze na ofisi moja ya wathamini na wahandisi, kila moja ikichangia kulingana na idadi ya majalada inayopeleka. Najua wako watakaohofia kwamba mamlaka ya ugatuzi yatamegwa, lakini kutoa kibali na kupanga kiwango cha kodi kutabaki kwa kaunti na bunge lake. Kinachochangiwa ni utaalamu na mshahara. Makubaliano yaandikwe, yapitishwe na mabunge husika na yataje hatua dhidi ya kaunti itakayochelewesha mchango, la sivyo ofisi hiyo itakufa kabla ya kutimiza mwaka.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Nawaomba wawakilishi wadi walifikishe suala hili katika vikao vya maoni ya umma kabla bajeti haijafungwa.

Msomaji wako,
Mombasa