Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: kasa si furukombe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: ULINZI WA KASA NA FURUKOMBE, MAFIA NA DELTA YA RUFIJI

Mipango mingi ya mwambao huwalinda wanyama hawa wawili kwa amri moja: kiota kisiguswe. Kwa furukombe, yaani tai mla samaki, amri hiyo inafaa. Kwa kasa haitoshi.

Furukombe hutaga mayai mawili hivi na kuyaatamia siku 42 hadi 45, kisha dume na jike hulisha makinda zaidi ya miezi miwili. Kiota hukitumia mwaka hadi mwaka, wakiongeza vijiti, kwa hiyo adui wao mkubwa ni msumeno. Miti yenye viota ipigwe alama kabla ya kibali cha kuvuna kutoka. Hilo ni la wizara jirani, tunajua.

La kwako ni kasa. Jike hufukia mayai mia moja na ushei, akaenda zake. (Yale machozi ufukweni si huzuni, ni tezi zinazotoa chumvi.) Hutegemea wingi, maana watoto wengi huliwa mapema, lakini anayesalia huchukua miaka 20, hata 30 na zaidi, kabla ya kutaga. Ndiyo maana jarife, wavu wa kutega wenye macho makubwa, linaua kuliko mwizi wa mayai: kasa ana mapafu, akinaswa chini ya maji huzama, na miaka yote hiyo inaondoka naye. Tunaomba majarife yasitegwe mbele ya fukwe za kutagia msimu wa kutaga, na meli za kuvua kamba zisipewe leseni bila kifaa cha kutolea kasa kwenye wavu.

Ufukweni, kuhamisha mayai kusiwe desturi. Kiinitete hujishika juu ya ganda ndani ya saa chache. Yai likigeuzwa baada ya hapo, kinakufa. Kiota kihamishwe tu kama maji kujaa yatakifikia, usiku uleule, mayai yakibaki upande yalivyolala, kwenye shimo la kina kilekile. Kivuli nacho kina maana, kwa kuwa joto la mchanga ndilo huamua jinsia: likipita nyuzi 29 hivi za Selsiasi, majike huwazidi madume.

Taa za hoteli zielekezwe chini au zizimwe. Watoto wa kasa hufuata mwanga wakidhani ni bahari, na alfajiri hukutwa barabarani.

Wako,
Wafuatiliaji wa viota, Mafia na Rufiji