Barua kwa binamu yangu wa Likoni: hilo godoro usilikate

Binamu, assalaam aleykum.

Shangazi kanipigia simu jana usiku. Anasema umetandaza godoro sebuleni, kisu mkononi, wapima kwa shubiri upana wa dari la Land Rover. Nimekupigia mara nne hushiki. Basi naandika hapa hadharani, usome wewe na wasome wengine wenye magari ya kizee kama yetu, maana hilo unalotaka kulifanya mimi nimeshalifanya, na lilinishukia kichwani.

Lilinishukia kwelikweli. Nilipoachiwa ile Land Rover 109 ya marehemu babu, nilibandika sponji ya godoro kwenye paa, nikafunika kwa kitambaa cha rangi ya maziwa, vyote kwa gundi ya viatu. Wallahi ilipendeza kama chumba cha bibi harusi. Kaskazi ya kwanza ikapita, na ya pili. Kaskazi ya tatu, Januari, saa saba mchana, niko katikati ya daraja la Nyali, kitambaa kikaachia upande wa kioo, kikateremka taratibu, kikanifunika uso. Matatu nyuma yangu ikapiga honi mpaka nikasahau jina langu. Nilikishika kwa mkono mmoja hadi Kongowea.

Nilipofika nyumbani nikakibandua chote. Gundi ilikuwa imeshika vizuri tu. Sponji ndiyo iliyokuwa imekwisha: unga wa manjano wenye kunata, ukiusugua kwa vidole unakuwa kama makapi ya halua. Sponji ya namna ile huoza kwa joto na unyevu, na sisi hapa tunavyo vyote viwili mwaka mzima. Gundi inashikilia ngozi ya juu ya sponji, na ngozi ikishageuka unga, hata ukinunua gundi ya ndege haina cha kushikilia. Zile gari za saluni kuukuu unazoziona kitambaa cha juu kimening'inia katikati kama tumbo la chandarua, ugonjwa wao ni huohuo.

Sasa, wewe unalalamikia sura ya paa tupu. Mimi naona umesahau jua. Land Rover hizi zilipoanza mwaka 1948 zilivishwa alumini kwa sababu Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na hata zile za toleo la tatu, Series III kama yako, za 1971 hadi 1985, bado zina bodi ya alumini. Haili kutu kama bati, lakini ukisimama kwenye foleni ya feri mchana, ule ubamba mwembamba juu ya utosi wako ni kikaango. Watengenezaji wenyewe walilijua hilo: baadhi ya gari zao za nchi za joto waliziwekea paa la pili juu ya la kwanza, hewa ipite katikati. Koti lina bitana, na gari nalo linataka bitana. Ila bitana ya kuzuia joto kwanza, ya kupendeza baadaye.

Kwa hiyo anza kwa kumwagia paa maji kwa mpira ukiwa na mtu ndani mwenye tochi. Likivuja, acha kila kitu ulizibe. Mimi sikufanya hivyo, na mvua za mwaka zikanionyesha. Halafu sugua ndani, futa vumbi na mafuta, ubandike ile mikeka ya mazoezi ya sponji ngumu, isiyonyonya maji. Kata kipande ukitie kwenye ndoo usiku kucha. Asubuhi ukikikamua na kikatoa maji, hicho hakifai. Ukipata karatasi ya kung'aa ya kuakisi joto, usiibane ikagusana na ubao wa dari utakaokaa chini yake. Iachie nafasi ya hewa, ama sivyo ni pambo tu.

Dari lenyewe nalifanya kwa hadibodi, ule ubao mwembamba wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya milimita 3. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatosha na inabaki. Usiikate kwa macho. Chukua makatoni, yaunganishe kwa selotepu, utengeneze mfano wa nusu ya dari, kisha uugeuze upate nusu ya pili. Hapo binamu ndipo nilipoingia mkenge: gari la babu liliwahi kugongwa ubavu wa kulia, na upande huo umepungua upana wa kidole kizima. Ubao wangu wa kwanza niliutupa. Lako nalo limeona mengi, kwa hiyo ujaribishe mfano pande zote mbili kabla ya kugusa msumeno.

Hadibodi ina uso laini na mgongo wenye alama kama za mkeka. Paa lina mpindo kidogo, ubao hautaki kupinda ukiwa mkavu. Niliulowesha mgongo kwa kitambaa chenye maji, nikauegemeza kingo zake mbili juu ya matofali, katikati nikaweka ndoo ya mchanga, nikalala. Asubuhi ulikuwa umeshakubali. Ukikauka, upake vanishi pande zote na hasa kingoni, kwa kuwa hadibodi ikinywa maji hufura kama mkate kwenye chai.

Kitambaa nacho. Najua utakwenda mtaa wa Biashara urudi na leso. Nami nilishawishika, nikataka kikoi cha milia. Pamba inapendeza wiki ya kwanza, halafu inanyonya jasho la hewa, inafanya madoa, na gundi inapenya inaonekana kwa nje. Chukua reksini, ile ngozi ya bandia, nyembamba, ya rangi nyeupe au ya mchanga, iliyo rahisi kufuta. Kata iwe kubwa kuliko ubao kwa inchi 2 kila upande. Laza ubao juu ya reksini, anza katikati ya kila upande ukielekea pembeni, gundi ipakwe mgongoni tu, kwenye ubao na kwenye reksini, usubiri mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo ukunje na kubana. Upande unaoonekana haupati gundi hata tone. Kwenye pembe punguza vipembe vya ziada, ukunje kama sambusa. Fanyia nje kivulini, usijifungie chumbani, ile harufu itakulewesha.

Kuuning'iniza ndiko kulikonichelewesha zaidi. Mara ya kwanza nilipiga skrubu moja kwa moja juu, moja ikiwa ndefu kwa nusu inchi. Nilisikia "tk" ndogo, nikatoka nje, nikaona ncha inang'aa juu ya paa. Na chuma kikikaa ndani ya alumini kwenye hewa hii ya chumvi, alumini huliwa. Pale penye skrubu pakaota unga mweupe, tundu likapanuka. Mara hii sikutoboa popote. Nilitafuta bapa mbili za alumini, nikazipitisha chini ya ubao kutoka mbele hadi nyuma, nikazifunga kwa boliti zilezile zinazoshika paa kwenye fremu ya kioo na kwenye ukuta wa nyuma wa kabini. Ni kama boriti za nyumba za Mji wa Kale, ila boriti zangu ukizifungua dari lote linashuka mkononi. Beba spana za inchi. Gari hizi milimita hazizijui.

Fundi wa viti aliniambia shilingi 15,000, na sikumlaumu, kazi ni ya siku mbili. Mimi vifaa vyote vilinigharimu chini ya 4,000, ukiacha ule ubao nilioutupa, na mikeka ya mazoezi ambayo wifi yako alikuwa hajawahi kuitumia. Anadai aliitumia. Baridi ya friji usitarajie, lakini sasa nikiegesha juani naweza kugusa dari bila kurudisha mkono, na mvua ikinyesha naweza kuzungumza na abiria bila kupiga kelele.

Makatoni yangu ya mfano bado yako juu ya kabati kwa mama. Njoo Jumapili uyachukue, ila upande wa kulia utaongeza mwenyewe ule upana wa kidole. Na godoro, kama hujalikata, lirudishe. Shangazi anasema ni la wageni.