Kwa mdogo wangu aliye Cairo: mzunguke Khafre

Mdogo wangu,

Picha zako za sanamu ya Farao Khafre zimenifikia, zote kumi na moja, na tangu jana nazitazama. Nina ombi moja: rudi makumbusho. Zote umezipiga kwa mbele, na kwa mbele anaonekana mfalme aliyeketi, basi. Ndege aitwaye kozi haonekani. Yuko kisogoni mwa mfalme, amekikumbatia kilemba kwa mabawa yake mawili, naye ndiye mungu Horus. Sanamu hiyo ilichongwa ikae hekaluni, na huyo ndege ndiye anayekwambia kwa nini.

Wewe una simu, utapiga mpaka uchoke. Waliokutangulia kila picha waliitolea jasho. Auguste Mariette, mwanaakiolojia Mfaransa, aliifukua sanamu hii huko Giza, penye mapiramidi, mwaka 1860, na mwaka 1863 makumbusho ikafunguliwa Boulaq, mtaa wa Cairo ulio ukingoni mwa Nile. Mwaka 1872 ikatoka albamu ya makumbusho hiyo, maelezo yake Mariette, picha za Hippolyte Délié na Émile Béchard. Enzi hizo mpiga picha alipaka kolodioni, kimiminika kinachonata, kwenye kioo, akakichovya katika maji ya nitrati ya fedha ili kihisi mwanga, akapiga, kisha akakimbilia chumba cha giza kuisafisha picha kabla kioo hakijakauka. Na joto la Cairo unalijua sasa! Kioo kilichokauka kimeharibika. Mwanga nao ulikuwa taabu: huko London, Roger Fenton, aliyeanza kuipigia picha British Museum miaka ya 1850, alikuwa na studio ya vioo juu ya paa ili apate mwanga. Nafuu yao ilikuwa moja, kwamba jiwe halipepesi macho.

Kwa hiyo kabla ya kuandaa kioo ilibidi mtu aizunguke sanamu, aamue mungu anaonekana vizuri kutokea wapi. Kuzunguka huko ndiko ninakokutakia.

Tena picha zile zina thamani nyingine. Mwaka 1878 Nile ilifurika ikaingia Boulaq, baadhi ya vitu na maandishi ya Mariette yakapotea. Albamu ilikuwa imeshachapishwa miaka sita kabla.

Basi nenda asubuhi, watu wakiwa wachache. Anza mbele ya magoti yake, sogea polepole ubavuni, usipige bado. Kichwa cha kozi kikitokeza nyuma ya kilemba, hapo simama, piga, unitumie.

Dada yako