Si kila mvumo wa nyuma ni difu

Wateja wengi wanatufikia gereji wakiwa wameshaambiwa difu imekufa, yaani ule mkusanyiko wa gia unaogawa nguvu ya injini kwa matairi mawili ya nyuma. Wengine wameshanunua nyingine, iko kwenye buti. Sisi tunaomba kitu kimoja kwanza: tuliendeshe gari kidogo kabla ya kushika spana.

Mlio wa ko-ko-ko unapokata kona huku umekanyaga mafuta, mara nyingi ni jointi ya nje ya draivu shafti, mhimili unaozungusha tairi. Chungulia nyuma ya tairi, utakuta raba yake imechanika na grisi imetapakaa ndani ya rimu. Kishindo unapotoka gia ya mbele kuingia rivasi, tunakagua krosi za propela, yaani jointi za mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu. Kinachosumbua hasa ni mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyopanda, maana beringi ya tairi na difu huvuma karibu sawa. Hapo tunalilaza gari kidogo kulia, kidogo kushoto. Ukikata kushoto, uzito unahamia kulia. Mvumo ukizidi, tunaanza na beringi ya kulia. Ukibadilika unapokanyaga na kuachia mafuta, basi tunaigeukia difu.

Na difu ikishafunguliwa, macho peke yake hayatoshi. Kati ya meno ya pinioni (gia ndogo inayosukuma) na ya kraunwili (gia kubwa inayosukumwa) lazima ibaki nafasi ndogo sana, kwa magari mengi madogo kama milimita 0.13 hadi 0.20, na kipimo halisi kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji. Tunapima kwa geji ya saa, kipimo chenye mshale kama saa. Kisha tunapaka rangi kwenye meno, tunazungusha kwa mkono, tunasoma alama iliyobaki. Ikikaa katikati ya jino, vizuri. Ikikimbilia ncha au shina, tunafungua tena na kubadilisha shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi), hata mara nne. Kazi hii inakula muda, na ndiyo sababu hatuahidi gari siku hiyohiyo.

Oili nayo isichanganywe. Difu nyingi za nyuma zinataka oili ya daraja la GL-5, lakini giaboksi ya klachi iliyoandikiwa GL-4 ukiitia hiyo, sinkro zake za shaba (pete zinazolainisha uingiaji wa gia) zinaweza kuliwa.

Ombi letu: usioshe uvungu kabla ya kuja. Pale oili ilipovujia na grisi ilipotapakaa ndipo tunapoanzia kazi.