Umeme ulipokatika niliiona sala yangu: je, niendelee kuongoza tarawehe?

Ndugu Mshauri,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwanamume wa miaka 52, muuzaji wa vifaa vya ujenzi hapa Tanga, na huu ni mwaka wa 9 tangu nilipofanywa naibu imamu wa msikiti wa mtaani kwetu. Silipwi kwa kazi hiyo wala sijapata kudai malipo. Nilipewa nafasi kwa kuwa nilihifadhi juzuu kadhaa za Kurani ujanani, na kwa kuwa, kama wasemavyo wazee wa kamati, nina sauti. Uniwie radhi kwa urefu wa barua hii.

Usiku wa 17 wa Ramadhani iliyopita nilikuwa nikiongoza tarawehe, sala ya sunna ya usiku wa Ramadhani. Kwetu husaliwa rakaa 20, nami nilizoea kusoma kwa utulivu, nikivuta panapostahili kuvutwa, na aya za adhabu zikifika, kulia. Tulikuwa tumefika katikati umeme ukakatika. Feni zilinyamaza, kipaza sauti kikazimika, nikabaki gizani na sauti yangu mwenyewe na safu tatu za watu nyuma yangu. Nilikomea kwenye aya ile ile, nikarukuu, na rakaa zilizosalia nikazisali kwa sura fupifupi, harakaharaka, bila hata chozi. Umeme ulirudi tukiwa kwenye witiri, sala ya kufungia. Sauti yangu nayo ikarudi, na katika dua ya kunuti nikalia.

Baada ya salamu mzee mmoja alinishika mkono akanishukuru, akidhani nilifupisha kwa kuwahurumia watu kwa joto. Niliipokea shukrani ile, Ndugu Mshauri. Nilisema, “Dini ni wepesi, mzee wangu.”

Nilipomweleza mke wangu, hakushangaa. Aliniambia, “Baba watoto, sala yako ya humu ndani naijua. Maji ya udhu hayajakukauka mikononi, ushatoa salamu.” Kisha akanikumbusha jambo ambalo nilikuwa nikilikwepa. Kijana anayepakia saruji dukani kwangu alikuwa akinidai ujira wa miezi 2, na Ramadhani hiyo hiyo jina langu lilitangazwa msikitini kwa kufuturisha watu siku 10 mfululizo. Masinia ya tende na sufuria za uji alizibeba yeye, kutoka nyumbani kwangu hadi barazani mwa msikiti, naye hakusema neno. Deni hilo nimelilipa na msamaha nimemwomba, lakini tangu hapo Suratul Maun siwezi kuisoma mbele za watu. Ina aya 7 tu, na nimeisalisha mara zisizohesabika: inawaonya wanaosali huku wakijionyesha, na papo hapo inawataja wanaozuia msaada mdogo wa jirani kwa jirani. Nilikuwa nikidhani hayo ni makosa ya watu wawili.

Maalim aliyenisomesha chuoni nilimwendea nikamweleza nusu ya habari, kwa aibu. Alinipa kisa cha Hanzala, sahaba aliyetoka akisema amekuwa mnafiki, kwa sababu alipokuwa mbele ya Mtume alihisi kama anaiona Pepo na Moto kwa macho yake, na alipofika kwa mkewe na watoto na mali yake alisahau mengi. Mtume akamjibu kuwa lau wangebaki katika hali ile malaika wangewapa mikono vitandani na njiani, lakini ni saa hivi na saa hivi. Kisa hicho kinanifariji na hakinitoshi. Moyo wa Hanzala ulipoa alipokuwa mbali na Mtume, na wangu ulipoa kipaza sauti kilipozimika.

Mke wangu anashauri niache kuongoza kwa mwaka mmoja, nisali safuni kama watu wengine. Maalim anakataa, na ananinukulia kauli ya Fudhayl bin Iyadh, mchamungu wa zamani, kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu ni riyaa, yaani kujionyesha, na kuifanya kwa ajili ya watu ni shirki, yaani kumshirikisha Mwenyezi Mungu. Hapa ndipo ninapokwama. Nikijiuzulu kimya, nitasifiwa kwa unyenyekevu, na ninakiri kwamba maneno ya kuaga nimeshayatunga kichwani, mazuri sana. Nikisema sababu ya kweli mbele ya jamaa, nitakuwa nimeidhihirisha dhambi ambayo Mwenyezi Mungu ameisitiri, nasi tumekatazwa hilo. Nikibaki, nitasimama tena mbele ya kipaza sauti kile kile.

Yupo kijana hafidhi, aliyehifadhi Kurani yote, anayeweza kushika nafasi yangu. Sauti yake ni ndogo na baadhi ya watu hulalamika, lakini nimemkuta zaidi ya mara moja akisali peke yake baada ya Isha, taa zimeshazimwa. Siku anapoongoza, nami nikiwa nyuma yake, najikuta nahesabu makosa yake ya tajwidi, kanuni za kuisoma Kurani.

Kwa miezi michache sasa nimejilazimisha kuamka kabla ya alfajiri na kusali rakaa 2 katika chumba cha stoo, mlango ukiwa umefungwa. Usiku mwingine nasimama kama gogo. Mara mbili tatu hivi nimepata kitu, nacho kilikuwa kidogo, na hakikuwa na sauti.

Siulizi kama sala ya maamuma, waliosali nyuma yangu, ilisihi. Najua haibatiliki kwa aibu ya moyo wa imamu wasiyoijua. Ninachouliza ni hiki: mtu ambaye moyo wake umezoea kusikilizwa, hutibiwa kwa kuondolewa mbele ya wasikilizaji, au kwa kubaki hapo hapo na kupigana na nafsi yake? Na kama ni kuondoka, nimwambie nini yule mzee aliyenishukuru? Kamati inakaa katikati ya Shaabani kupanga maimamu wa tarawehe, na ningependa kuwa na jibu kabla ya siku hiyo.

Wassalaam,
Msomaji wako, Tanga